Kusafisha Mipira ya Bia: Matayarisho Yanayookoa Uhai

Hotuba ya Afisa wa Uhusiano wa Jamii kwa wamiliki, mameneja na wahudumu wa baa, Kampala



Natambua kwamba asubuhi ya watu wengine ndiyo usiku wa mtu wa baa. Aliyefunga milango saa tisa za usiku, kisha akawa hapa saa nne asubuhi, ameutoa usingizi wake kwa ajili ya mazungumzo haya. Nitajitahidi yawe na thamani ya usingizi huo.

Mara nyingi tukikutana nanyi tunazungumza habari za saa za kufunga, kelele za muziki, ugomvi, watoto wanaouziwa pombe, na madereva wanaoondoka wakiwa wamelewa. Leo naomba tuyaache hayo, tuingie nyuma ya kaunta, mahali ambapo mteja hafiki: stoo yenye kegi, mitungi ya gesi, na mipira inayoipeleka bia hadi kwenye bomba. Nitazungumzia kazi moja tu, yaani kuisafisha mipira hiyo. Na katika kazi hiyo nitakaa zaidi kwenye matayarisho, kwa sababu kazi hii huharibika kabla haijaanza.

Huenda mtu akauliza: Polisi na mipira ya bia wapi na wapi? Jibu langu lina sehemu tatu. Kwanza, katika nchi yetu ya Uganda, zimamoto na uokoaji ni kurugenzi ya Jeshi la Polisi. Mfanyakazi akianguka ndani ya stoo yenye gesi, wanaoitwa kuingia kumtoa ni askari wetu. Pili, mteja akinywa sumu kutoka bomba lenu, faili la uchunguzi hufunguliwa kwetu, na sisi ndio tunaobisha mlango wa wazazi wake. Tatu, nchi hii imekwisha kuonja uchungu wa kinywaji kilichogeuka sumu. Mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale, makumi ya watu walipoteza maisha baada ya kunywa waragi iliyotiwa methanoli. Wale walikunywa kitu walichokiamini. Imani hiyo ya mteja kwa glasi anayopewa ndiyo mtaji wenu mkubwa kuliko kaunta, viti na televisheni, na ndiyo inayonileta hapa.

Tuanze na sababu ya kuisafisha mipira. Bia inapopita kila siku, huacha nyuma hamira, bakteria, na utando mgumu wa madini unaofanana na ule ulioko ndani ya birika la chai. Vitu hivyo huichachusha bia, huifanya iwe na ukungu, na humfanya mteja aache glasi nusu. Kwa hiyo nchini Uingereza baa nyingi husafisha mipira kila baada ya siku 7, na mwongozo unaotumika sana Marekani unataka isizidi siku 14. Ni desturi njema, nasi tuifuate. Lakini tazameni jambo hili kwa makini: uchafu wa mipira, kwa kawaida, huharibu ladha tu. Kinachoweza kuua ni dawa ya kuondolea uchafu huo, na gesi inayokaa kando yake. Mtu asiyesafisha hupoteza wateja. Mtu anayesafisha vibaya anaweza kupoteza mtu.

Hatari ya kwanza ni gesi ya kaboni dioksidi, ile inayoisukuma bia. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa takriban mara moja na nusu, kwa hiyo hushuka na kutuama chini, hasa katika vyumba vya chini ya ardhi na stoo zisizo na madirisha. Wenzetu wa Goma, upande wa pili wa milima ya Virunga, wanaijua kwa jina la mazuku: yale mabonde madogo ambamo gesi hii hutoka ardhini na kutuama. Mbuzi huingia akaanguka, na mtu anayemfuata kumtoa huanguka juu yake. Na usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kamerun lilitoa wingu la gesi hiyo hiyo, likashuka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700, wengi wao wakiwa usingizini.

Msiseme hayo ni mambo ya volkano, hayahusiani na stoo ya baa. Hesabu ni hii. Mtungi wa kilo 6 za kaboni dioksidi, ukivuja wote, hutoa zaidi ya mita za ujazo 3 za gesi. Stoo yenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2.5 ina mita za ujazo 15. Yaani hewa ya chumba hicho, sehemu moja kati ya tano itakuwa gesi. Katika hewa ya kawaida gesi hii ni asilimia 0.04 tu. Kiwango kinachokubaliwa kwa mtu afanyaye kazi saa 8 ni asilimia 0.5. Ikifika asilimia 3, kichwa huuma na pumzi hukimbia. Ikifika asilimia 10, mtu anaweza kuzimia kwa muda mfupi sana. Mtungi mmoja mdogo, katika chumba kidogo kilichofungwa, unatosha kwenda mbali kupita hapo.

Wako wanaotumia mshumaa kupima hewa. Naomba muiache desturi hiyo. Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo gesi imekwisha kumlegeza mtu. Wala kitambaa puani hakisaidii, wala barakoa ya hospitali. Kinachosaidia ni hewa mpya, mlango ulio wazi, na, kwa anayeweza kukinunua, kifaa cha kupima gesi kinacholia kabla mtu hajaingia.

Hatari ya pili ni dawa yenyewe. Dawa nyingi za kusafishia mipira zimetengenezwa kwa kostiki soda, ile ile inayotumiwa na watengeneza sabuni. Ikichanganywa na maji inafanana na maji: haina rangi na haina harufu ya kumwonya mtu. Ikigusa ngozi huteleza kama sabuni, na utelezi huo ni ngozi inayoanza kuliwa. Ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Ikinywewa, huunguza kinywa, koo na njia ya chakula, na majeraha hayo yanaweza kumfuata mtu maisha yake yote. Mwaka 2014, katika jimbo la Utah nchini Marekani, mwanamke mmoja aliagiza chai baridi mgahawani. Unga wa kusafishia wenye kostiki soda ulikuwa umetiwa katika chai hiyo kwa kudhaniwa kuwa ni sukari. Funda moja lilitosha kumuunguza vibaya sana kooni. Hapakuwa na adui katika kisa hicho. Palikuwa na chombo kisichokaa mahali pake.

Hatari ya tatu ni kule kusahau. Na hapa tena naomba mfuate hesabu. Mpira wa bia wenye upana wa ndani wa karibu milimita 9.5 hubeba takriban mililita 70 kwa kila mita. Ukiwa na urefu wa mita 10, kutoka stoo hadi kaunta, umebeba mililita 700. Mhudumu wa usiku akijaza dawa ili ilale humo, akaenda nyumbani bila kumwambia mwenzake, basi mteja wa kwanza wa mchana, mwenye glasi ya nusu lita, hatapata bia iliyochanganyika kidogo na dawa. Atapata glasi nzima ya dawa, na nyingine kidogo itabaki kwa mteja wa pili.

Mabibi na mabwana, baada ya kuzijua hatari hizo tatu, matayarisho hayawi mzigo. Nitayataja kwa utaratibu wake.

Jambo la kwanza ni kuchagua mtu na saa. Kazi hii isifanywe wakati baa imefunguliwa, wala isifanywe na mtu aliyekunywa, wala na kijana aliyeajiriwa jana ambaye hajafundishwa. Isifanywe na mtu akiwa peke yake katika jengo. Awepo wa pili, hata kama ni mlinzi wa geti, anayejua kwamba mwenzake yuko stoo na anayemwita kila baada ya dakika chache. Tena dawa isiachwe kulala ndani ya mipira usiku kucha. Muda wa kukaa kwake umeandikwa na mtengenezaji, na kwa kawaida ni wa dakika, si wa saa nyingi. Kazi ianze na kumalizika katika mikono ya mtu yule yule.

Jambo la pili ni kusoma lebo. Dawa inunuliwe ikiwa katika chombo chake cha kiwandani, chenye jina, kipimo na maelezo ya huduma ya kwanza. Asiyesoma lugha iliyoandikwa asomewe na aelezwe kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili, Kiganda au Kinyankole. Ni marufuku, narudia, ni marufuku kuhamishia dawa hii katika chupa ya soda, chupa ya maji ya kunywa au jagi la kaunta. Mhudumu mwenye kiu hasomi alama ya kalamu iliyoandikwa kwenye chupa ya maji.

Jambo la tatu ni mavazi ya kinga. Glavu za mpira zinazofika karibu na kiwiko, miwani ya kinga inayofunika macho pande zote, aproni isiyopitisha maji, na buti za mpira. Miwani ya jua si kinga. Kandambili si kiatu cha kazi hii. Hapa niwakumbushe wamiliki kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri amfundishe mfanyakazi na ampe vifaa vya kinga. Hiyo si hisani ya tajiri, wala gharama hiyo isikatwe katika mshahara wa kijana.

Jambo la nne ni hewa. Kabla ya kuingia stoo, mlango ufunguliwe na uzuiwe usijifunge. Kama kuna feni, iwashwe. Mtu asikilize kama kuna mlio wa gesi inayovuja. Akihisi kichwa kizito au pumzi fupi, atoke mara moja, wala asiseme nitamaliza kwanza. Mitungi iwe imesimama na kufungwa kwa mnyororo ukutani, mbali na joto. Ndani ya mtungi wa kaboni dioksidi, katika joto la kawaida la chumba, kuna mgandamizo wa zaidi ya baa 50, yaani zaidi ya mara 20 ya ule ulio ndani ya gurudumu la gari dogo. Mtungi ukianguka na koki yake ikavunjika, huruka kama kombora.

Jambo la tano ni chombo na maji. Tumieni ndoo ya plastiki ngumu iliyotengwa kwa kazi hii peke yake, yenye rangi tofauti na ndoo nyingine zote. Msitumie sufuria ya aluminiamu. Kostiki soda hushambulia aluminiamu, na humo hutoka gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto upesi. Sufuria iliyotoboka ni hasara ndogo. Stoo iliyolipuka ni hasara kubwa. Tangulizeni maji ndani ya ndoo, kisha mtie dawa polepole. Msimimine maji juu ya dawa, kwa maana huchemka ghafla na kurukia usoni. Kipimo kiwe kile cha lebo, kwa kikombe chenye alama, si kwa kukadiria kwa jicho. Dawa kuzidi haimaanishi usafi kuzidi. Maana yake ni kusuuza zaidi na hatari zaidi.

Jambo la sita ni kutochanganya. Kuna dawa za kostiki na kuna dawa za asidi, zile zinazotumika mara chache ili kuondoa utando wa madini. Hizi mbili zisikutane ndani ya ndoo wala ndani ya mpira. Na kama dawa yenyewe ina klorini, kama zilivyo baadhi yake, ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Dawa ya choo na ile ya kung'arishia nguo zikae mbali kabisa. Kama askari naongeza neno moja juu ya asidi. Nchi yetu inawajua watu waliomwagiwa asidi usoni. Asidi na kostiki zilizoko stoo ziwe chini ya kufuli, kiasi chake kiandikwe daftarini, na ufunguo uwe na mtu mmoja anayejulikana.

Jambo la saba ni kuzima na kutangaza. Gesi ifungwe kwenye mtungi, kichwa kitolewe juu ya kegi kwa utaratibu wake, na kegi isifunguliwe kwa nguvu ikiwa bado ina mgandamizo. Mipira ihesabiwe na kila mmoja uwe na namba yake, ili idadi itakayosafishwa ndiyo idadi itakayosuuzwa. Kila bomba la kaunta litundikwe kibao kinachosomeka: DAWA NDANI, USIMIMINE. Kibao hicho kisiondolewe na mtu yeyote isipokuwa aliyekitundika. Baa ambayo haina kibao, mfuko wa plastiki uliofungwa kwenye bomba kwa kamba ni bora kuliko kutokuwa na kitu.

Jambo la nane, na la mwisho kabla ya kazi kuanza, ni kupima maji ya kawaida. Karatasi za kupimia pH ni ndogo na bei yake si kubwa. Chovyeni moja katika maji ya bomba kabla ya kuanza, mwangalie rangi yake, mkaiandike. Hiyo ndiyo shahada yenu. Baada ya kusafisha, mtapitisha maji mengi katika kila mpira, kisha mtachovya karatasi nyingine katika maji yanayotoka. Mpira haujawa safi mpaka rangi mbili hizo zilingane. Macho hayatoshi, kwa sababu dawa na maji vinafanana. Pua haitoshi, kwa sababu dawa haina harufu. Na ulimi usitumiwe kamwe.

Pamoja na hayo yote, mjitayarishe kwa ajali. Wekeni jerikani ya maji safi ya lita 20 mlangoni pa stoo kabla ya kuanza, hasa katika mitaa ambayo maji hukatika. Dawa ikiingia jichoni, jicho lishikwe wazi na lisuuzwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukoma, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Dawa ikimwagikia nguo, nguo zivuliwe na ngozi isuuzwe. Msijaribu kuiua dawa kwa ndimu au siki juu ya mwili wa mtu. Joto linalotokea huongeza kidonda. Mtu akiinywa, asuuze kinywa na kutema. Msimtapishe, kwa maana iliyounguza koo ikishuka italiunguza tena ikipanda. Na maziwa yasiwe sababu ya kumchelewesha nyumbani. Hospitali ni mara moja, na lebo ya dawa iende pamoja naye, ili daktari ajue anapambana na nini.

Na mkimkuta mwenzenu ameanguka ndani ya stoo, nawasihi, msikimbilie ndani. Najua moyo unavyosema, hasa aliyeanguka akiwa ndugu. Lakini gesi iliyomwangusha yeye inamngoja na wewe. Fungeni gesi kama mtungi uko nje, fungueni milango yote, na pigeni simu 999 au 112. Waambieni wanaopokea kwamba ni chumba chenye gesi, ili askari wa zimamoto waje na vifaa vya kupumulia. Anayekaa mlangoni akaita msaada si mwoga. Ndiye atakayeufanya msiba mmoja usiwe miwili.

Ndugu wamiliki, sasa nazungumza nanyi peke yenu. Kazi hii katika baa nyingi hupewa yule aliye chini kabisa: kijana anayelipwa kidogo, asiyethubutu kuuliza, anayeogopa kwamba akiomba glavu ataonekana mvivu. Yeye ndiye anayeingia stoo alfajiri, amechoka, na mkononi mwake ana usalama wa kila mteja atakayekuja jioni. Mkitaka kujua kama baa yenu iko salama, msimuulize meneja. Mwiteni kijana huyo, mwambieni awaonyeshe glavu zake, kibao chake na karatasi zake za kupimia. Kama hana cha kuonyesha, jibu mmekwisha kulipata.

Nanyi vijana wenyewe, mkiamriwa kufanya kazi hii bila kinga, semeni kwa adabu kwamba hamwezi kuianza mpaka vifaa viletwe. Asiyesikilizwa afike kituoni na aulizie ofisi ya uhusiano wa jamii. Hatuji kumfungia mtu biashara kwa sababu mfanyakazi wake ameuliza swali. Mwenye baa naye anaweza kuomba maafisa wa zimamoto waitazame stoo yake na kumshauri kabla hajajenga rafu au kusogeza mitungi.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Katika jambo hili tahadhari si kubwa: watu wawili, mlango ulio wazi, glavu na miwani, ndoo ya plastiki, kibao kwenye bomba, karatasi mbili za rangi moja. Nimeyaandika mambo manane niliyoyataja katika ukurasa mmoja, na nakala ziko mezani pale mlangoni. Kila baa ichukue moja na kuibandika ukutani katika stoo, kwenye usawa wa macho. Yeyote asiyesoma, mwenzake amsomee leo, kabla ya zamu ya jioni.

Sasa nitapokea maswali.

Kwa ajili ya Mungu na nchi yangu.